Nukta Ngapi, Somoe?

Shangazi Mwanamkuu hushona kofia ukumbini, Langoni,
mgongo ukutani, chini ya zidaka zilizobanduka chokaa.
Kila tundu hulipiga kwa sindano kabla ya kulizungushia uzi.
Mimi nimeketi mkabala naye, kompyuta juu ya mto.
Nimemwambia napima sufuria.

Hakucheka. Aliitazama sufuria ya wali,
akauliza, "Yapimwa hata ndani?"
Hata ndani, shangazi. Ndani kabisa,
ambako alumini ni atomi na atomi na atomi,
pambo moja likijirudia bila upindo.
Hakuna awezaye kulihesabu lote.
Basi huchukua kipande kimoja, nikaapa vingine ni hivyo hivyo,
kisha nikayahoji mawimbi ya elektroni,
si yote, machache tu,
yale ya kwenye nukta nilizozichagua mwenyewe.

Nukta ngapi? Hapo ndipo penye kazi.
Na mambo yako kinyume: kipande kikiwa kidogo, nukta huwa nyingi;
kikiwa kikubwa sana, hata moja yaweza kutosha.

Chumvi haina makuu.
Elektroni zake zimekaa majumbani, milango imekomewa;
nne kwa nne kwa nne, umepata jibu lako, kalale.
Alumini ni sokoni mkesha wa Idi:
hawa waingia, hawa watoka,
na mpaka wa penye watu na pasipo watu
ni mkali kama wembe.
Wavu wa matundu mapana hupitwa na hayo yote.

Mimi nilitumia nne.
Kwa kuwa chumvi ilikubali. Kwa kuwa stima hukatika saa tatu.
Nikachora mstari, ukapinda vizuri mno, kama bakuli,
nikampelekea Daktari Famau chuoni, pamoja na salamu ndefu.
Akajibu neno moja na alama yake:
Nane?

Nikaweka nane. Bakuli likahama.
Tarakimu ya pili baada ya nukta ikageuka,
na uso wangu ukageuka nayo.

"Ndoo uone," akasema shangazi, asiyejua lolote la haya.
Akaniinulia kofia anayoifumua tangu juzi,
kazi ya wiki tatu, nyuzi zimemlalia mapajani kama mvi.
"Tundu moya nimeliruka hapa. Mato ya watu hayaoni.
Lakini pambo huzunguka kichwa, sharti likutane na lilipoanzia.
Hili halikukutana."

Kumi na mbili. Kumi na sita.
Kumi na sita kila upande ni nukta elfu nne na tisini na sita,
na mashine yangu ingekufa; ila fuwele ina ulinganifu,
waikunja kama kofia ikunjwavyo kutiwa kabatini,
pande zikalaliana,
zikabaki mia moja arubaini na tano.
Nikatia ukungu kwenye ule mpaka wa wembe,
kiasi, maana ukizidi utakuwa wapima ukungu.
Stima ikakatika kwenye ujazo wa saba.
Nikaanza upya alfajiri.

Ishirini ikanipa jibu la kumi na sita,
isipokuwa tarakimu ya nne, iliyotikisika kidogo
kama mtu aliyesikia likiitwa jina linalofanana na lake.
Nikasimama hapo. Ningeweza thelathini.
Wapo huweka thelathini kwa woga, wakaiita bidii.

"Haya, sufuria yasemaje?"
Nikamweleza umbali wa atomi hadi jirani yake.
Akaupokea kama apokeavyo habari za harusi ya Mombasa.
"Na tundu ngapi?"
Mia moja arubaini na tano, shangazi.
Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza,
kidole kikipita ukingoni mwa kofia.
"Yangu yazidi," akasema,
akakata uzi kwa meno.